Farasi wa Madoa katika Jangwa la Arabia

Sinema iitwayo Hidalgo ilitoka Marekani mwaka 2004, chini ya uongozi wa Joe Johnston. Ilichelewa kufika nyumbani mwangu, lakini ilipofika wanangu waliitazama mara tatu kwa juma moja, nami nikakaa nao. Farasi wanaokimbia, mchanga usio na mwisho, panga, dhoruba, nzige: kijana gani angekataa? Naandika juu yake kwa sababu ya maneno machache yaliyotumika kuitangaza, yaani kwamba kisa chake ni cha kweli.

Kisa chenyewe ni hiki. Frank Hopkins, anayeigizwa na Viggo Mortensen, ni mpanda farasi aliyezaliwa na baba Mzungu na mama wa kabila la Lakota, mojawapo la makabila ya wenyeji wa kwanza wa Amerika. Kazi yake ni kuchukua barua za jeshi. Siku moja awapelekea askari amri penye kijito cha Wounded Knee, asijue iliyomo. Kisha aona kwa macho yake watu wa mama yake wakiuawa. Tangu siku hiyo ajizamisha katika pombe, akitumikia maonyesho ya farasi ya Buffalo Bill. Ndipo aalikwa Arabia kushindana katika mbio ziitwazo Bahari ya Moto: maili 3,000, karibu kilometa 4,800, jangwani, juu ya farasi mmoja tu. Wenzake wana farasi wa Kiarabu wa nasaba safi. Wake, Hidalgo, ni mdogo, mwenye madoa, wa ukoo wa farasi wa mwituni waliochanganyika. Wote wamcheka. Msomaji amekwisha kubahatisha nani atashinda.

Siidharau kazi hiyo. Farasi na bwana wake wote wawili ni wa damu mbili, katika nchi ambako Sheikh ahesabu nasaba za farasi wake kizazi kwa kizazi, na mwendo wote Hopkins aogopa kutaja ukoo wa mama yake. Karibu na mwisho, Hidalgo ameanguka kwa jeraha na kiu. Hopkins ashika bastola ili amwondolee mateso. Kisha ashusha mkono na kuanza kuimba kwa lugha ya Kilakota, na katika mvuke wa joto aona wazee wake wamesimama. Farasi ainuka, naye ampanda bila tandiko. Mwanangu wa kati, ambaye hupenda kujionyesha mgumu, aliondoka saa ile kwenda kunywa maji, akakawia sana penye mtungi.

Aliporudi aliuliza, «Baba, mambo haya yalitokea kweli?»

Wounded Knee ilitokea. Tarehe 29 Desemba 1890, katika Dakota ya Kusini, askari wa Marekani waliua Walakota zaidi ya 150, wanaume, wanawake na watoto. Wako wanaohesabu karibu 300. Wengi walizikwa pamoja katika shimo moja. Buffalo Bill naye aliishi, na maonyesho yake yalivuka bahari mpaka Ulaya. Frank Hopkins pia aliishi, akafa mwaka 1951. Lakini mbio za Bahari ya Moto hazijulikani ila kwa kinywa cha Hopkins mwenyewe, ambaye alijisifu kwamba ameshinda mbio 400 hivi katika maisha yake. Watafiti walipozitafuta habari zake hawakuona ushahidi wa mbio hizo, wala hawakuona kwamba alikuwa mtu mashuhuri katika kundi la Buffalo Bill.

Na hata asiyefungua kitabu angeweza kushuku. Farasi mwenye kazi katika joto hutaka lita 30 za maji kwa siku, na zaidi. Mabedui walilijua jambo hilo kuliko sisi sote: safarini walipanda ngamia na kumwongoza farasi kando kwa kamba, wakimhifadhia nguvu zake kwa saa ya vita, tena wakimnywesha maziwa ya ngamia maji yalipopungua. Bertram Thomas, Mwingereza, alipolikata jangwa kuu la Rub' al Khali mnamo 1930 na 1931, alikwenda kwa ngamia pamoja na waongozi Waarabu. Huko California zimekuwako tangu 1955 mbio za maili 100 kwa siku moja, na waganga wa wanyama huwasimamisha farasi njiani na kuwapima. Katika Mongolia, tangu 2009, hukimbia kilometa 1,000, lakini mpandaji hubadili farasi kila baada ya kilometa 40 hivi. Wapenda farasi wa kweli huhesabu hivyo.

Nilimweleza mwanangu hayo yote kwa upole. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, «Basi yote ni uongo. Na wale waliouawa pia.»

Hapo ndipo niliposhtuka. Mtunga hadithi ana ruhusa ya kutunga. Babu zetu walitunga, na hakuna aliyewadai ushahidi wa sungura. Lakini huyu amechukua maiti wa kweli, akawafunga katika mzigo mmoja na mbio za kubuni, kisha akaandika juu ya mzigo wote neno «kweli». Kijana akigundua nusu moja, hutupa zote mbili. Jioni ile haikutosha. Ilinibidi nimtafutie picha za kaburi la Wounded Knee, nazo zipo, zilizopigwa siku chache tu baada ya mauaji, ili akubali kwamba watoto wale walikuwa watoto.

Sheikh wa sinema, anayeigizwa na Omar Sharif wa Misri, hupenda mno visa vya kishujaa vya Amerika, na huvisadiki. Sisi tunacheka tukimwona, huku tumeketi tukisadiki kisa cha Kimarekani juu ya Arabia!

Mwishoni Hopkins atumia zawadi yake kununua kundi la farasi wa mwituni waliokusudiwa kupigwa risasi, awafungulia waende zao, na Hidalgo pamoja nao. Hilo nalo ni la kutungwa. Sheria ya Marekani ya kuwalinda farasi hao ilipatikana mwaka 1971 tu. Hidalgo mwenyewe aliigizwa na farasi watano wenye madoa yanayofanana. Mmoja wao aliitwa T.J., na kazi ilipokwisha Mortensen alimnunua akae naye.