Kungoja na kutumaini

Mwalimu wetu wa Kihispania alipenda kutuchekesha kwa maneno yenye sura mbili. Siku moja aliandika ubaoni esposas, akatuuliza maana yake. Tukajibu kwa sauti moja: wake, wanawake walioolewa. Akasema ndiyo, lakini polisi akimkamata mwizi, pingu anazomtia mikononi nazo ni esposas. Wavulana waliokaa nyuma walicheka mpaka akawanyamazisha. Kisha yakaja mengine: muñeca, mwanasesere na pia kifundo cha mkono, sierra, msumeno na pia safu ya milima, gato, paka na pia kriki ya kuinulia gari, banco, benki na pia benchi. Mwisho akaandika mañana, ambalo ni kesho na pia asubuhi. Mtu akitaka kusema kesho asubuhi, husema mañana por la mañana, neno lilelile mara mbili.

Hatukushangaa sana. Sisi wenyewe tunajua kwamba chungu hupika maharagwe, chungu hutembea kwa mstari ukutani, na dawa nayo huwa chungu. Wenzetu wa Lingala hutumia lobi kwa jana na kwa kesho, na hawapotezani. Nikaandika orodha yote katika daftari, nikaikariri, na kwenye mtihani nikapata 17 kwa 20. Nilijiona nimefika.

Likizo ilipokuja, shangazi yangu, ambaye ni muuguzi katika kituo kimoja cha afya kijijini, aliniita nikawasaidie. Alikuwa amekuja daktari kutoka Uhispania kwa majuma machache, na Kifaransa chake kilikuwa kidogo sana. Nilikwenda kwa furaha. Watu walianza kuniita mtafsiri, nami sikuwakataza.

Jioni ya siku ya tatu aliletwa mtoto wa miaka minne hivi, ana homa kali, macho yamezama. Daktari alimpima, akamtoa damu, ikapelekwa maabara mjini kwa pikipiki. Kisha akamgeukia mama yake, akasema taratibu: "Ahora hay que esperar. Mañana por la mañana sabremos más."

Masikio yangu yaliruka moja kwa moja kwenye mañana. Huo ndio mtego niliofundishwa, na niliuvuka vizuri: kesho asubuhi tutajua zaidi. Lakini kabla ya hapo lilikuwapo esperar, na katika daftari langu neno hilo lilikuwa na mstari mmoja tu: esperar, Kifaransa espérer. Sikuwa nimeona haja ya kuongeza kitu. Ni ndugu wa Kifaransa, mtu humtambua kwa uso. Basi nikamwambia yule mama: "Mama, daktari anasema sasa imebaki kutumaini tu. Kesho asubuhi tutajua zaidi."

Kwetu kila mtu anajua daktari anaposema maneno hayo anataka kusema nini. Dawa zimekwisha, mambo yako kwa Mungu. Mama yule hakulia. Alifungua kitenge chake, akamfunika mtoto vizuri, akaniomba simu ampigie mume wake. Nilimpa. Nilidhani anataka tu kumjulisha kwamba watalala pale.

Daktari alipotoka alitupungia mkono: "Hasta mañana." Neno hasta halikunisumbua hata kidogo, maana limetoka katika Kiarabu hattā, kule kule lilikotoka hata la Kiswahili. Ukisema hasta los niños lo saben, ni hata watoto wanajua. Ukisema hasta mañana, ni mpaka kesho, kama hadithi zetu za zamani zinavyosema "hata siku moja" zikimaanisha mpaka ikafika siku moja. Nilienda kulala nikifurahia undugu huo.

Alfajiri baba wa mtoto alifika na kaka zake wawili. Walikuwa wametembea usiku kucha. Mmoja alibeba shuka jeupe, jipya, bado limekunjwa kama lilivyotoka dukani. Wakasimama mlangoni kimya, wakimtazama shangazi. Naye shangazi akanitazama mimi. "Uliwaambia nini?"

Nikarudia maneno yangu. Akaniambia niende kumwuliza daktari upya. Nilimkuta anakunywa kahawa. Nilimwuliza kwa Kihispania changu kilichoanza kutetemeka: jana ulisema kutumaini? Akashangaa. Akaonyesha saa yake ya mkononi, akaizungusha kidole juu yake. Esperar. Kungoja. Tungoje majibu ya damu, basi.

Majibu yalikuja kabla ya saa sita. Ugonjwa ulijulikana, dawa yake ilikuwapo, na juma lililofuata mtoto alirudi nyumbani kwa miguu yake. Lakini usiku ule siwezi kuurudisha. Nilikwenda kumwomba mama yake radhi, nikamweleza kosa langu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, kutumaini sikuhitaji kuambiwa. Ulipaswa kuniambia ningoje."

Niliporudi chuoni nililifuata neno hilo kama mtu anayemtafuta aliyemwibia. Kilatini kilikuwa na sperare, kutumaini. Kifaransa kilichukua espérer na kulibakiza upande wa tumaini. Kazi ya kungoja kikaipa attendre. Kihispania kilikaza mizigo yote juu ya kichwa kimoja: kungoja, kutumaini, kutarajia. Mwanamke mjamzito naye espera un niño. Lakini lugha hiyo haiwaachi watu wake gizani. Ukisema espero que venga, unatumaini atakuja. Ukiongeza kiungo kimoja kidogo, espero a que venga, unangoja aje. Nomino nazo zimeachana: espera ni kule kungoja, ndiyo maana chumba cha wagonjwa wanaongoja huitwa sala de espera, esperanza ni tumaini. Na hay que esperar, ikitoka kinywani mwa daktari aliyetuma damu maabara, haina fumbo lolote. Damu ile iliyoondoka kwa pikipiki ilikuwa sehemu ya sentensi. Mimi nilitafsiri neno, sikutafsiri chumba tulichokuwamo.

Nikajiuliza pia Kiswahili kingefanya nini. Tuna kungoja, na tuna kusubiri, ambalo lina subira ndani yake, kutoka katika Kiarabu sabr. Mhispania akingoja, lugha yake inamwekea tumaini karibu. Mswahili akisubiri, lugha yake inamwomba avumilie. Kama ningesema "Mama, inabidi tusubiri", angeumia, maana hakuna mzazi asiyeumia, lakini shuka lile lingebaki dukani.

Naandika haya kwa wenzangu wa mwaka wa kwanza na wa pili, na kwa ruhusa ya walimu wetu. Maneno ya kuchekesha si mabaya. Bado nakumbuka esposas kwa sababu nilicheka. Lakini hayo yana alama ya hatari shingoni. Hakuna atakayemwuliza polisi kama amebeba wake wawili kiunoni. Linalotuangusha sisi tuliosomea Kifaransa tangu shule ya msingi ni lile neno linalofanana na Kifaransa, ambalo nusu yake ni kweli. Kwa kuwa nusu ni kweli, mara kumi litakupitisha salama, na mara ya kumi na moja utakuwa mbele ya mama wa mtu.

Daftari langu sasa limebadilika. Siandiki tena neno kwa neno. Naandika sentensi nzima, na pembeni naandika nani anamwambia nani, na wakati gani. Inachukua nafasi, na daftari linaisha haraka. Kwenye ukurasa wa esperar nimeandika sentensi tano. Ya kwanza ni ile ya daktari, na mbele yake nimeandika: jioni, damu imeshaondoka, mama amesimama.