Kofia Moja Kati ya Sweta Mbili

Kati ya sweta ngumu iliyokwisha na sweta ngumu inayosubiri, mfumaji mwenye busara hufuma kitu kidogo: kofia ya mtoto mchanga, jozi ya soksi, kitambaa cha mezani. Huku Uingereza na Marekani desturi hii inaheshimiwa, na wafumaji huitaja waziwazi kama sehemu ya kazi yao. Nyumbani Kenya, katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, jambo hilohilo linafanyika lakini halihesabiwi. Ukimkuta mama anafuma kofia jioni, atakwambia anamalizia tu uzi uliobaki, kana kwamba anatoa udhuru. Ninasema hahitaji udhuru wowote. Tena raha ya kazi ndogo ina uzito zaidi katika miji midogo ya huko kama Litein na Mogogosiek kuliko London, na sababu yake inatoka kwenye chai yenyewe.

Tuanze na hesabu. Sweta ya mtu mzima mwenye kifua cha sentimita 100, ikifumwa kwa uzi wa kawaida unaotoa vitanzi 22 katika kila sentimita 10, inataka vitanzi 220 kwa kila mzunguko. Ikiwa urefu wake ni sentimita 60, na kila sentimita 10 zina safu 30, hapo kuna safu 180, yaani vitanzi 39,600, na mikono bado. Kofia ya mtoto mchanga yenye vitanzi 80 na safu 50 ina vitanzi 4,000, na hata hivyo hupungua kadiri utosi unavyofungwa. Muda unaookolewa ni mwingi, lakini linalonivutia zaidi ni umbali kati ya kosa na kugunduliwa kwake. Katika sweta, kitanzi kilichohesabiwa vibaya safu ya 20 kinaweza kujificha mpaka siku ya kuunganisha mabega, na hapo ni kufumua kazi ya wiki tatu. Katika kofia, kosa hujitokeza jioni ileile, mfumaji akiwa bado anakumbuka alichofanya. Mkono hujifunza vizuri pale jibu linapokuja mapema. Isitoshe, aliyekaa wiki nyingi juu ya mapambo ya kusokotana huanza kukaza uzi bila kujua, na anayeingia sweta ya pili na mkono uliokazwa hivyo hupata sweta ya pili nyembamba kuliko alivyopima. Kofia iliyofumwa katikati huulegeza mkono huo.

Wazungu waliofikiri kwa kina juu ya ufumaji wamelijua hili zamani. Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyezaliwa 1910 na kuhamia Marekani, alichapisha mwaka 1974 kitabu Knitter's Almanac, ambamo kila mwezi una kazi yake. Januari aliweka sweta ya Aran, ile ya visiwa vya Ireland iliyojaa mapambo ya kusokotana. Februari akaweka vitu vya watoto wachanga. Siamini kwamba mpangilio huo ulikuja kwa bahati. Mwalimu aliyewajua wanafunzi wake alijua pia kwamba baada ya Aran mtu anahitaji kitu kitakachokwisha. Wamarekani wengi siku hizi hufuma vitambaa vya pamba vya kuoshea vyombo kwa sababu hiyohiyo. Na katika Ravelry, mtandao wa wafumaji ulioanzishwa 2007, ambako mamilioni ya watu huandika kila walichofuma, utaona sweta iliyosimama miezi mingi, kisha kofia mbili, kisha sweta ile imeendelea. Ni ushahidi ulioachwa bila mtu kukusudia kuthibitisha chochote, na ndiyo maana ninauamini.

Lakini desturi ya huku ina upungufu ambao hausemwi sana. Kofia nyingi hazina mwenyewe. Mfumaji anamaliza, anafurahi, anaweka kwenye droo, na ya sita inapokwisha anaanza kutafuta pa kuzipeleka: wodi ya watoto njiti, makao ya wazee, kapu la kanisa. Ni ukarimu wa kweli, siubezi. Hata hivyo unakuja mwishoni, baada ya kazi, kama jibu la swali la nini kifanyike na vitu hivi. Raha yenyewe imejengwa juu ya kumaliza tu.

Sasa tugeukie chai. Kazi kuu ya Kericho na Bomet ni kazi isiyo na mwisho, na hapa simaanishi ugumu wake. Mahindi ya Trans Nzoia yana siku ya kuvunwa, ghala linajaa, shamba linapumzika. Mchai huchunwa majani mawili na chipukizi, na baada ya siku 7 hadi 14 unataka kuchunwa tena. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima katika miinuko ile ya mita 2,000 hivi, kwa hiyo jani halingoji. Kila baada ya miaka michache mchai hupogolewa, kisha mzunguko unaanza upya. Mashamba yaliyofunguliwa na Brooke Bond na James Finlay katika miaka ya 1920 yanachunwa hadi leo, na vizazi vimepita mbele ya vichaka vilevile. Mchunaji haoni kazi yake imekwisha. Jani linapimwa, linaenda kiwandani, linauzwa kwenye mnada wa Mombasa, na kikombe kinanywewa Karachi au Leeds. Hata thamani yake hukawia. Mkulima mdogo anayepeleka majani kiwanda cha Kapkoros au Tirgaga hulipwa kiasi kila mwezi, lakini malipo kamili huyajua bonasi inapotangazwa, baada ya mwaka wa hesabu kufungwa Juni. Na viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa, kama hivi, vimezoea kulipa bonasi ndogo kuliko vya mashariki, jambo linalowachoma wakulima kila mwaka.

Mtu anayeishi ndani ya kazi ya namna hiyo anapata wapi nafasi ya kusema hii nimeimaliza? Kofia ya mtoto ni mojawapo ya majibu machache. Inaanza Jumatatu usiku, Jumatano inavaliwa. Thamani yake haingoji mnada wala mkutano wa wakurugenzi. Inaonekana kichwani mwa mtoto aliyezaliwa Longisa au Kapkatet katika baridi ya Julai. Wahudumu wa afya husisitiza mtoto mchanga afunikwe kichwa, kwa kuwa joto lake hupotea upesi, hivyo kofia hii ina kazi kabla hata ya kuwa na uzuri. Nyumbani kofia huanza ikiwa na mwenyewe. Kuna jirani mjamzito, kuna mjukuu, kuna mtoto wa mwenzake wa chama. Hilo ndilo jambo ambalo mfumaji wa huku hulitafuta baadaye na asilipate kila mara.

Ujuzi wenyewe haukosekani. Vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, vuguvugu lililoanza 1952, vilifundisha kushona na kufuma, kwa nia za kikoloni ambazo tuna haki ya kuzikosoa. Mtaala wa 8-4-4 ulioanza 1985 ukaingiza sayansi kimu katika shule za msingi, na sindano zikafika mikononi mwa watoto wengi. Kilichobadilika ni soko. Sweta ya mitumba sokoni Kericho au Sotik yaweza kugharimu chini ya uzi wa kufumia mpya kama hiyo, na sweta za shule hufumwa kwa mashine na mafundi wa mjini, ambao Desemba na Januari hawalali kwa oda za rangi moja na shingo za V. Kazi kubwa ya mkono imeshindwa na mashine na mtumba. Kazi ndogo haijashindwa, kwa sababu haihitaji zaidi ya bonge moja, na mara nyingi bonge hilo ni masalio ya oda ya shule. Wanaosema ufumaji wa mkono umekufa katika nchi ya chai wanatazama sweta; watazame vichwa vya watoto.

Wapo watakaosema kazi ndogo ni njia ya kuikimbia kubwa. Hoja hii ina ukweli, na huku ughaibuni ushahidi wake ni mifuko ya sweta ambazo mikono yake haijafumwa. Ila tofauti inaweza kupimwa. Anayeanza kofia baada ya kumaliza mgongo wa sweta, kabla ya kushika vitanzi vya mbele, ana mahali pa kurudi. Anayeianza akiwa katikati ya kosa ambalo hataki kulifumua anajificha, na kosa litamngoja palepale. Kwa hiyo tuhukumu kofia kwa hali ya sweta iliyoachwa, na tuulize pia ni ya ngapi mfululizo. Ya kwanza huburudisha mkono. Kufikia ya nne, sweta imeachwa.

Hoja nzito zaidi inatoka nyumbani. Mwanamke aliyebeba kikapu tangu alfajiri, akapika, akakamua, kwa nini umwambie habari za raha ya kufuma? Mlipe vizuri kwanza. Nakubali neno kwa neno, na kofia isitumiwe kamwe kuifunika bonasi duni. Lakini hoja hiyo, ikienda mbali mno, inamnyima mwanamke wa Bomet kitu ambacho hatumnyimi mfumaji wa Leeds, yaani haki ya kufanya jambo kwa kuwa linampa utulivu. Tumezoea kuuliza kila kitu kinachotoka mikononi mwake kitauzwa shilingi ngapi. Miradi mingi inayokuja na fedha za nje huanza na swali hilo, ikigeuza kofia kuwa oda ya kofia 200, na siku hiyohiyo kazi ndogo inakuwa kubwa tena, yenye tarehe na idadi, isiyokwisha kama chai.

Anayetaka kusaidia kutoka huku anaweza kutuma uzi mzuri wa sufu laini, kwa kuwa ule wa akriliki wa sweta za shule hukwaruza ngozi ya mtoto mchanga, pamoja na sindano za mviringo, zinazoifanya kofia ifumwe bila mshono wa nyuma. Atume bila fomu, wala ahadi ya kununua kitakachofumwa. Uzi ukifika Mogogosiek na kuwa kofia ya mtoto wa jirani, umefanya kazi yake yote.