Jana ya Mama: Safari Mbili au Sita?

Nilikuwa naandika programu ya utafiti wa usafiri: karani anabisha mlangoni na simu yake, anauliza jana ulienda wapi, ulipanda nini, ulifika saa ngapi. Kazi nyepesi, nikadhani. Kabla ya kuikabidhi nikaijaribu kwa mama, anayeuza mboga Kawangware.

"Mama, jana ulifanya safari ngapi?"

"Mbili. Nilienda Marikiti, nikarudi."

Programu ikameza jibu bila kinyongo. Lakini mimi mama namjua, nikamwomba anisimulie siku yote. Alitoka saa kumi alfajiri kwa miguu hadi steji, akapanda matatu. Kule sokoni, magunia mawili ya sukuma yalisukumwa kwa mkokoteni hadi kwenye gari, akalipia nauli yake na ya magunia. Aliposhuka, boda ikabeba magunia, yeye akafuata nyuma kwa miguu. Mchana alimchukua mtoto wa dada yangu shuleni. Jioni kanisani.

"Kwani hizo nazo ni safari? Si ni kutembea tu!"

Kwenda na kurudi, ni sita. Na kosa halikuwa lake. Nilikuwa nimeweka nafasi ya chombo kimoja kwa kila safari, tena nikaizuia programu isikubali safari ya chini ya dakika kumi, eti napunguza makosa ya makarani. Shule iko umbali wa dakika nane.

Wamarekani wanahesabu safari za kaya tangu 1969. Mwaka 2001 waliongeza swali la kuwakumbusha watu matembezi ya miguu na baiskeli. Safari za miguu zilizoripotiwa zikapanda, na sehemu ya ongezeko hilo ilitoka kwenye swali, si kwenye miguu! Mizigo wanaihesabu kando tangu 1993, kwa kuwauliza wenye viwanda na maghala. Sasa magunia ya mama tuyaweke wapi? Yeye abiria, magunia mizigo, gari ni lile lile.

Najua kuna atakayesema tutumie GPS. Mradi wa Digital Matatus, wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani, ulichora njia za matatu namna hiyo, na ramani ikatoka 2014. Kazi safi sana. Ila GPS inajua gari limepita wapi, haijui gunia ni la nani.

Basi nimeiandika upya. Sasa karani anaanza na "Ulipoamka ulikuwa wapi?", anafuata siku kituo kwa kituo, na kila kipande anauliza: ulibeba nini, ulikilipia? Hojaji imerefuka na mkubwa wangu hajafurahi. Muda wa karani ni pesa. Lakini takwimu hizi ndizo zitakazoamua nani ajengewe nini, na toka steji hadi kwetu hakuna hata hatua moja ya njia ya miguu. Mama anatembea katikati ya boda.

Kikao ni Jumanne. Naenda na jana ya mama mara mbili, ile ya safari mbili na ile ya sita.