Ningu na Haki ya Mafuriko

Mto una tabia mbili, na aijuaye moja tu hajaujua mto. Tabia ya kwanza ni kutiririka, nayo huonwa na kila apitaye darajani. Ya pili ni kupanda na kushuka kwa majira, nayo huonwa na yule akaaye kando ya mto mwaka mzima. Mimi ni mwalimu, nami nimefundisha miaka kadhaa karibu na Mto Nzoia, pale unapokaribia kuingia katika Ziwa Victoria. Niliyojifunza huko juu ya tabia hiyo ya pili ndiyo nitakayoyaeleza.

Nzoia hupata maji yake katika vilima vya Cherangani na miteremko ya Mlima Elgon, kisha hushuka mpaka uwanda wa Budalangi. Mvua za masika zinyeshapo, kati ya Machi na Mei, maji hupanda, hubadilika rangi na kuwa mazito kwa udongo. Sisi huona uchafu. Ningu huona mwaliko. Huyu ni samaki mwenyeji wa ziwa letu, ambaye hukua ziwani lakini huingia mitoni kuzaa. Hukusanyika mlangoni pa mto mayai yakiwa yamepevuka, kisha huukwea mkondo. Maji yafurikapo kingo na kufunika nyasi, huuacha mkondo mkuu, akaingia katika maji hayo ya kina kifupi, akataga, akarudi. Ngege huyalinda mayai yake kinywani. Ningu huyakabidhi kwa maji.

Nayo maji ni mlezi mwema, yakipewa wakati. Majani yaliyolowa na samadi ya ng'ombe hustawisha vijidudu vidogo mno, navyo ndivyo chakula cha vifaranga wa samaki. Mashina ya nyasi huwaficha wasiliwe na samaki wakubwa. Kisha maji hupwa polepole, yakawachukua vifaranga hao wasio na nguvu za safari ndefu, yakawarudisha mtoni na hatimaye ziwani. Mkondo uliompinga mama ndio umbebao mtoto.

Lakini ulezi huu una masharti. Maji yasipopanda vya kutosha, mlango wa mbuga haufunguki. Yakipanda na kushuka upesi, mayai hukauka juu ya nyasi, na vifaranga hunaswa katika vidimbwi, wakawa karamu ya ndege. Yakija na tope jingi mno, mayai hufukiwa. Kwa hiyo haitoshi kuuliza mto una maji kiasi gani. Hatuna budi kuuliza pia yalipanda lini, yalikaa siku ngapi, na yalishuka kwa kasi gani.

Zamani ningu walivuliwa kwa wingi mtoni kwa nyua za mafunjo na migono. Nyavu mpya zilipoletwa ziwani mwanzoni mwa karne ya 20, zilitegwa hata milangoni mwa mito, wakati uleule samaki waendapo kutaga. Kumkamata mama mlangoni ni kuwakamata na wana wasiozaliwa. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa ningu ulikuwa umeanguka vibaya. Tangu hapo misitu mingi ya juu imekatwa, na mvua ambayo ingenywewa na ardhi hukimbilia mtoni mara moja. Tena, huku chini matuta yamejengwa ili maji yasitoke mtoni.

Matuta hayo siwezi kuyalaumu hali nawatazama wanafunzi wangu machoni. Mwaka 2008 tuta lilipobomoka Budalangi, maelfu ya watu waliyahama makao yao. Siku moja, nilipokuwa nikifundisha habari hizi, msichana mmoja ambaye nyumba yao iliwahi kuingiliwa na maji alisimama, akaniuliza, "Mwalimu, je, ningu ana haki kuliko sisi?"

Darasa lilinyamaza. Nilimjibu kwamba hana haki kuliko mtu, lakini kuwa na haki ndogo si kukosa haki. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tuta lilindalo nyumba ni la lazima, ila si kila nyika ni nyumba. Yako malisho na vinamasi ambavyo maji yangeweza kuachiwa kwa majuma machache ya masika, na matuta yakasogezwa karibu na makao badala ya kuubana mto.

"Na ni nani," akauliza tena, "atakayekubali malisho yake yawe ndiyo hayo?"

Swali lake lilikuwa la haki. Jibu lake haliko mtoni, liko barazani, nalo halina budi kutaja fidia ya yule atoaye malisho yake.

Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2016 inatambua akiba ya mto: maji ya lazima kwa watu, na maji ya kuhifadhi uhai wa viumbe vya majini. Ni neno jema. Lakini akiba ya ningu haipimwi kwa debe peke yake. Hupimwa kwa kalenda pia. Ninyi msomao kurasa hizi, baadhi yenu mtakuwa wahandisi, na wengine watunga sheria. Mtakapoketi kuugawa mto, hesabuni siku zake pamoja na lita zake.