Mama Naye Anasafiri



Desemba inakaribia na najua vikundi vya WhatsApp vya familia vimeshaanza kuchemka. Tunaenda ushago ama tunashuka Mombasa? Nani analipa nini? Watoto wa nani watalala wapi? Na katika familia nyingi ninazozifahamu, kuna mtu mwenye nia njema kabisa ambaye ataandika: "Mama tusimsumbue, safari itamchosha, abaki na dada wa kazi." Wote watajibu amina, na habari ya Mama itaishia hapo.

Kila tunapozungumza kuhusu watu wenye ulemavu, sisi wahubiri tunakimbilia Mefiboshethi ama lile birika la Bethzatha. Leo fungua Kutoka sura ya 10. Farao amechoshwa na mapigo, anakaribia kuwaachilia Waisraeli waende kumfanyia Mungu sikukuu, ila anataka kujua kwanza ni akina nani watakaokwenda. Musa anamwambia wanakwenda na vijana na wazee, wana na mabinti, pamoja na mifugo yote. Farao anakataa: wanaume waende, wengine wabaki. Baada ya pigo la giza anashusha bei kidogo. Haya, watoto pia waende, lakini mifugo ibaki. Musa anakataa tena.

Mtu wa Mungu, angalia vizuri. Farao anachosema hapo ni nendeni, lakini bila hawa. Na wale wazee hawakuwa mzigo mwepesi. Ni nani anayetaka kupita jangwani na mtu ambaye magoti yamekwisha? Musa alijua hayo yote, na bado aliwataja wazee kabla hata ya kujua njia itapita wapi.

Mama yangu alipata kiharusi miaka sita iliyopita. Upande wa kulia haukurudi vizuri, na kiti cha magurudumu ndicho miguu yake. Amezaliwa bara na kukulia bara, bahari ameiona kwenye televisheni. Siku moja taarifa ya habari ilionyesha feri ya Likoni, akaniuliza kama maji yale ni ya chumvi hadi katikati ama ni ya pembeni tu. Nikajua anataka kwenda. Nilipomwambia twende, alijibu kama mama yeyote wa Kikristo: "Nyinyi nendeni, mimi nitawaombea." Usidanganyike na jibu hilo. Huyo ni mama anayewahurumia watoto wake pesa na mgongo.

Kuna jambo lingine ambalo lazima nilisema, maana sisi ni watu wa roho. Wapo wapendwa walioniambia kwamba kupanga safari kwa hesabu ya kiti cha magurudumu ni kuukiri ugonjwa. Ngoja apone kwanza, ndipo aende akitembea. Ndugu yangu, mimi naombea wagonjwa, na Mama namwombea kila siku. Lakini rudi Marko 2. Wale wanne wa Kapernaumu hawakumwacha rafiki yao nyumbani mpaka apone. Walimbeba akiwa bado hawezi, wakakuta nyumba haina pa kuingilia, wakaanza na nyumba. Dari ilitobolewa kabla mtu yule hajasimama.

Kwa hiyo tulianza na nyumba. Hoteli ya kwanza niliyopigia simu waliniambia hakuna shida, lifti ipo. Nikaomba wanitumie picha. Kweli lifti ilikuwepo, mbele ya vidato vinne. Tangu hapo sikumuuliza mtu tena kama "inafaa." Niliuliza vipimo. Kiti cha Mama kina upana wa sentimita 65, kwa hiyo nilimwomba kila aliyepokea simu achukue futi, apime mlango wa bafu, aniambie. Wengine walikata simu. Dada mmoja wa nyumba ndogo ya wageni alikwenda kupima kweli, akarudi na namba: 80. Tulilala hapo. Bafu ndilo la kuuliza kwanza, kabla ya chumba na kabla ya bei, kwa sababu mzee asiyeweza kufika chooni anaacha kunywa maji, na Mombasa si mahali pa kuacha kunywa maji.

Reli tulipanda Syokimau, tukashuka Miritini. Njia iliyo katikati ya viti vya behewa ni nyembamba, kwa hiyo piga simu mapema, na ukifika mwambie mhudumu kabla ya foleni kuanza. Kutoka Miritini hadi mjini panga gari la mtu unayemjua, lenye buti la kuingiza kiti. Kurushwarushwa kwenye matatu si kwa mama mwenye kiharusi.

Sasa Mji wa Kale. Nilikwenda nikiwa na wasiwasi, maana mji wa vichochoro haukujengwa kwa ajili ya magurudumu. Lakini nikagundua kwamba sehemu kubwa ya uzuri wake iko nje, barabarani. Milango iliyochongwa, roshani za mbao, harufu ya kahawa na mahamri, vyote vinaonekana bila kupanda ngazi hata moja. Tulimsukuma taratibu kwenye Ndia Kuu kuanzia saa moja asubuhi, kabla jua halijakasirika. Na kuna zile baraza za mawe mbele ya nyumba, ambapo wazee hukaa na kupiga soga. Aliyekaa barazani yuko kimo kimoja na aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu. Kwetu huku watu humsemesha Mama wakiwa wamesimama, naye anainua shingo mpaka inamuuma. Pale mzee mmoja alimwambia "Shikamoo, bibi" macho kwa macho, wakaongea habari za wajukuu nusu saa nzima. Mimi nilisahaulika.

Fort Jesus ni habari nyingine. Wareno walianza kuijenga 1593 ili watu wasiingie, na kwa upande wa magurudumu bado inafanya kazi yake. Njia ya kuingilia inapanda, mawe hayako sawa, na juu ya kuta ni kwa wenye miguu. Tulimsukuma wawili hadi uani, akakaa kivulini. Vijana walipanda juu kwa zamu, na kila aliyeshuka alimsimulia alichoona. Hakuna dakika aliyobaki peke yake. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya safari, na watoto waliishika kuliko watu wazima.

Jioni tulikwenda Mama Ngina, pale mbele ya bahari palipotengenezwa 2019. Pametandikwa vizuri, gurudumu linateleza. Mihogo ya kukaanga, pilipili, ndimu, meli zikiingia bandarini. Kama una siku moja tu, ipeleke hapo.

Ufukweni ni hesabu ya maji. Mchanga mkavu unameza magurudumu, lakini maji yakipwa mchanga uliolowa huwa mgumu. Waulize wavuvi saa. Geuza kiti, kivute kinyumenyume, yale magurudumu madogo yawe yameinuka. Usiache kiti juani, chuma kinaunguza ngozi, na mwenye kiharusi huenda asisikie. Ukirudi, osha magurudumu kwa maji baridi, maana chumvi inakula beringi. Mama alichovya mkono wa kushoto, akaonja. Akatema, akacheka, akasema ni kweli.

Katiba yetu, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Na kabla ya Katiba, Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mwenye nyumba aweke ukingo juu ya dari yake ili mtu asianguke. Mungu wetu anaingilia hadi mambo ya fundi! Nasema haya nikijua makanisa mengi, tunakojaza mafuta ya upako, yana ngazi saba mlangoni.

Tulisafiri na mbao mbili alizotutengenezea fundi wa kanisani. Kanuni yake ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda, kwa hiyo kwa kidato cha sentimita 15 alikata mbao za mita 1.8, akaweka na ukingo pembeni gurudumu lisichomoke. Zinaingia chini ya viti vya gari. Sasa hivi ziko stoo ya kanisa, nyuma ya spika. Anayesafiri na kiti Desemba hii aje azichukue bure, ila zirudi kabla ya kesha la tarehe 31, kwa sababu Mama anazihitaji kuingia ibadani.