Mashine ya Shangazi, na Mimi Wakala wa Wakala

Najua nimekuwa kimya muda mrefu, wengine mmeanza kuniuliza kama nimedisko. Sijadisko, nipo hapa hapa Mlimani, nadunda. Ila kuna jambo lilinikaba roho tangu Novemba na sikutaka kuliandika mpaka liishe. Limeisha wiki iliyopita, basi kaeni mkao wa kula.

Kwanza niwakumbushe kwetu ni wapi. Kwetu ni Milola, Lindi. Ukitoka Dar unapanda basi, unavuka Rufiji pale daraja la Mkapa, unapita Somanga, unapita Nangurukuru wanaposhuka watu wa Kilwa, unafika Lindi mjini umechoka, halafu unatafuta gari jingine la kukuingiza ndani. Sisi si watu wa bahari ingawa bahari haipo mbali. Ni watu wa ufuta, korosho, mbaazi na muhogo. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye ufuta, na hata begi nililokuja nalo chuoni mwaka wa kwanza ni ufuta.

Sasa ufuta wetu tunaupeleka kwenye chama cha msingi, unakaa ghalani, unapigwa mnada, hela inakuja. Sehemu kubwa ya ufuta wa Tanzania inapanda meli kwenda China. Halafu sisi tuliobaki Milola tunakwenda dukani kununua mafuta ya kula yaliyotoka nje. Hilo jambo lilimuudhi shangazi yangu miaka mingi. Msimu uliopita, baada ya malipo kutoka, yeye na wenzake saba wakachanga laki tatu tatu. Ikapatikana milioni mbili na laki nne. Wakasema wanataka mashine ndogo ya kukamua mafuta, wakamue zile debe walizobakiza za nyumbani, na wakamulie majirani kwa malipo. Wakatazamana wakaulizana nani ataileta hiyo mashine. Shangazi akasema, "Si yupo mwalimu?"

Mwalimu ndiyo mimi. Bado sijafundisha hata darasa moja, nasoma ualimu mwaka wa pili, Kiswahili na Historia, lakini kwa shangazi nimeshakuwa mwalimu tangu barua ya kuchaguliwa ilipofika. Akanipigia simu, "Mwanangu, wewe uko Dar, Kariakoo hapo pua na mdomo. Tutafutie mtu wa China." Nami nikajibu kwa mbwembwe, "Shangazi, hilo dogo."

Ndugu zangu, halikuwa dogo.

Wakala wa kwanza nilimpata kupitia mshikaji wa hosteli. Tulikuwa tunazungumza kwenye WhatsApp tu. Picha nzuri, bei nzuri mno, milioni moja na laki moja mpaka Dar. Nikamuuliza ofisi iko wapi, akasema yeye yuko "field" muda wote. Nikamuuliza malipo, akasema yote kwanza, kwenye namba ya simu. Nilipoangalia jina linalotokea kwenye ile namba, halikuwa jina aliloniambia. Hapo nikajua huu usanii. Nikamuaga kwa heshima. Nilijisikia mjanja wa mjini siku ile, nikamhadithia kila mtu kwenye foleni ya chakula.

Wa pili nilimfuata mwenyewe Kariakoo. Ana chumba ghorofa ya pili, kimejaa maboksi, na mwenzake yupo Guangzhou. Huyu alinifundisha kazi hii inavyokwenda, na ninaiandika hapa kwa sababu wengi wenu mna ndoto za kuagiza vijora na spika.

Wakala wa kweli hauzi mashine. Anauza macho na miguu yake. Wewe uko Dar, kiwanda kiko China, hukijui na hakikujui. Yeye anakwenda kiwandani, anahakikisha kiwanda kipo kweli na si duka la mtu anayejiita kiwanda, anapatana bei kwa lugha yao, anakagua mzigo kabla haujafungwa, anaupeleka kwenye ghala la wasafirishaji. Kwa kazi hiyo alitaka asilimia 10 ya bei ya mashine, kwa sababu mzigo wetu mdogo. Wenye oda kubwa, aliniambia, wanakatwa kidogo zaidi. Kuna mawakala wanasema hawachukui chochote, akacheka, "Hao ujue wameshaweka chao kwenye bei ya kiwanda." Malipo ni asilimia 30 kuanza, na 70 mzigo ukishakuwa tayari na umekaguliwa, kabla haujaondoka kiwandani. Ukishalipa hiyo 70, huna tena kamba ya kumvutia mtu. Kusafirisha kwa meli wanapiga kwa ujazo, mzigo wako unaingia kontena moja na mizigo ya wenzako. Kwa ndege wanapiga kwa kilo, mashine ya chuma usithubutu. Halafu kuna forodha, kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kuna mambo ya viwango. Yeye hayo aliyajumlisha kwenye bei ya usafiri.

Tukaandikiana. Mashine 1,450,000. Yeye 145,000. Meli na kutoa bandarini 480,000. Usafiri wa Dar mpaka Milola nikakadiria 110,000. Jumla 2,185,000. Inabaki chenji ya fundi wa kuifunga. Nikampigia shangazi nikamsomea hesabu, nikasikia vigelegele nyuma.

Sasa sikilizeni. Kabla ya kutuma ile asilimia 30, wakala akaniuliza kwa ujumbe, "Mota iwe fezi moja au fezi tatu?"

Mwenzenu nilikuwa kwenye daladala la Ubungo, nimebanwa mlangoni. Mimi ni mtu wa Kiswahili na Historia. Fizikia niliiaga kidato cha pili na tuliachana kwa furaha pande zote mbili. Nikawaza, fezi tatu si ndiyo yenye nguvu zaidi? Wamama wanataka kitu cha nguvu. Nikajibu, "Tatu." Neno moja. Sikuuliza mtu.

Baada ya wiki tatu ikaja video, mashine inazunguka, mafuta yanatiririka kama asali. Zikaja na picha, moja ya kibao kidogo kilichobandikwa kwenye mota. Kimeandikwa wazi wazi, volti 380. Wakala akaandika, "Kagua kila kitu, ukisema sawa tunamalizia malipo." Nikaweka dole gumba, nikaandika "safi sana". Shilingi 1,015,000 za wamama wanane zikaondoka kwa dole gumba langu.

Mzigo ulifika Milola Novemba. Sikuwepo, nilitumiwa picha. Wamama wamevaa kanga mpya, wamezunguka boksi la mbao kama wanapokea bibi harusi. Fundi umeme akatoka Lindi mjini, akainama, akasoma kile kibao. Akauliza nani kaagiza. Kisha akawaambia, huu umeme wenu wa nyumbani ni fezi moja, hii mota inataka njia tatu, na laini hiyo hapa kwenu haijapita.

Shangazi alinipigia jioni. Nilitegemea matusi, wala hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu, taratibu, "Mwanangu, mbona hukuniuliza umeme wetu ukoje?"

Kumbe walikuwa wanajua! Mwenye mashine ya kusaga pale kijijini alishawahi kuhangaikia laini kubwa, akashindwa gharama, akabaki na injini yake ya dizeli. Kijiji kizima kilizijua hizo fezi, moja na tatu, kwa sababu unga wao ulipanda bei kwa ajili hiyo. Asiyejua alikuwa mmoja tu, msomi, aliyeko Dar, mwenye intaneti.

Nilikwenda kwa wakala nimevimba, nataka mtu wa kumlaumu. Akafungua simu, akanionyesha ujumbe wangu. "Tatu." Akanionyesha kibao. Akanionyesha dole gumba. Nikakaa kwenye boksi la mtu nikanyamaza. Akaniletea maji.

Kurudisha China haiwezekani, nauli inazidi mota yenyewe. Dawa ilikuwa kununua mota ya fezi moja yenye nguvu ile ile, farasi watatu, tukaibadilisha. Pale Gerezani nilizunguka siku mbili, nikaipata kwa 430,000. Lakini mfukoni sikuwa na kitu, na chenji ya wamama ilikuwa imeshaliwa na fundi na kibanda. Ikabidi kusubiri bumu. Na bumu mnalijua lilivyo, linakuja likijisikia. Lilikuja mwisho wa Januari.

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo palinifanya nikae kimya. Mmoja wa wale wamama alitoa ile laki tatu wakati mwanawe anasubiri matokeo ya darasa la saba. Hesabu yake ilikuwa mashine ianze Novemba, mpaka Januari awe amerudisha hela ya sare. Mtoto alifaulu. Januari akaripoti kidato cha kwanza na shati la kuazima na viatu vya kaka yake, vikubwa. Shangazi hakuniambia kwa kunisuta, aliniambia katika maongezi tu, kama mtu anavyotaja mvua. Mimi ninayesomea kukaa mbele ya watoto kama yule nilishindwa kula siku ile, na wala si kwa sababu bumu lilikuwa halijatoka.

Wiki ile ile darasani tulikuwa na Ibn Battuta. Mnamjua, yule Mmoroko aliyefika pwani yetu mwaka 1331, akafika mpaka Kilwa. Anaeleza kwamba Mogadishu, meli ikitia nanga, vijana wa mji walikuwa wanaifuata kwa vijahazi, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, anampa mfanyabiashara mmoja na kusema huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mgeni analala kwake, na mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia. Mtu akimpunja mgeni, au akimuuzia kitu bila mwenyeji kuwepo, biashara ile haihesabiki. Mwalimu akasema kwa namna hiyo bahari yote hii ilifanya biashara, ndiyo maana mpaka leo Kilwa Kisiwani unaokota vigae vya vyombo vya China.

Wenzangu waliandika notsi. Mimi nilibaki nimeduwaa. Miaka karibu mia saba iliyopita watu walishajua kwamba mgeni asiyejua soko anahitaji mtu anayelijua. Lakini yule mwenyeji alikula na mgeni wake, alilala naye nyumba moja, bila shaka alimuuliza unataka nini na unakwenda nacho wapi. Mimi niliwawakilisha watu wa nyumbani kwangu bila kuwauliza kitu. Nilimchunguza wakala kama polisi, jina, ofisi, mkataba, asilimia. Lakini mawakala kwenye biashara ile walikuwa wawili, na wa pili hakuchunguzwa na mtu kwa sababu anasoma chuo kikuu.

Basi bumu lilipotoka nikanunua mota, nikaipakia kwenye basi la alfajiri Mbagala. Wiki mbili zilizofuata nimeishi kwa wali maharage mchana na usiku nasingizia nimeshiba. Waliokuwa wananikaribisha chipsi, Mungu awabariki, sasa mnajua kwa nini nilikuwa sikatai. Fundi akabadilisha mota na mikanda. Ile ya fezi tatu mjomba aliirudisha Dar, nikaiuza Gerezani 250,000. Nilitaka hela yote iende kwa wamama. Wakakaa kikao chao, shangazi akanipigia na uamuzi: 100,000 wamechukua kulipia usiku wa kusubiri, 150,000 nirudishiwe. "Sisi tulikutuma, hatukukuuliza unajua nini na hujui nini. Na sisi tumo." Ile laki moja waliyochukua ilikwenda yote kwenye sare na viatu. Hilo hawakuniambia. Nimeambiwa na mtoto wa shangazi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda. Nimelala njiani, nimefika Milola vumbi mpaka kwenye kope. Mashine inanguruma chini ya kibanda cha makuti, mashudu yanatoka huku, mafuta huku, na ile harufu ya ufuta, jamani, mtu wa kusini anaijua. Wamenifungia chupa mbili nimekuja nazo. Moja nimeipeleka Kariakoo kwa wakala. Alicheka sana, akasema hajawahi kuletewa mzigo na mteja.

Wakati naondoka shangazi akaniambia wanataka sasa chujio la mafuta, nalo la China. Nikatoa daftari, nikakaa chini kwenye mkeka, nikaanza kuuliza. Nimeuliza maswali kurasa mbili na nusu, mpaka mama mmoja akasema, "Huyu sasa mwalimu kweli."

Haya wadau, chupa ya pili ipo chumbani, mwenye tambi aje nayo. Mapema lakini, keshokutwa nina testi.