Umbali Nao ni Ngao

Kijana wetu alipoajiriwa katika ujenzi wa barabara, akakabidhiwa kifaa kinachopima unyevu wa udongo kwa nyutroni, mama yake alikosa usingizi. Mimi, ndugu msomaji, nilitaka kwanza kuelewa.

Nyutroni, zilizogunduliwa na James Chadwick mwaka 1932, hazina chaji ya umeme. Hata chuma huzipenya. Lakini kadiri zinavyokwenda mbali na chanzo chake, ndivyo zinavyotawanyika. Kiganja kinachopata nyutroni 100 kikiwa mita 1, kitapata 25 kikiwa mita 2, na 4 tu kikiwa mita 5. Hewa na udongo huzigonga na kuibadili hesabu hiyo. Ndipo kompyuta huiga safari ya kila nyutroni kwa bahati nasibu, mfano wa kurusha kete, kwa njia waliyoibuni Stanislaw Ulam na John von Neumann katika miaka ya 1940.

Mama alipoelezwa hesabu hiyo, hakumwambia mwanawe aache kazi. Alisema, "Ukishakiweka chini, baba, rudi nyuma."

Wazazi wenzangu, tusiwarithishe watoto hofu tupu; tuwarithishe kipimo.